Shaba Mgodini, Unga Jikoni: Historia ya Ukanda wa Shaba wa Zambia

Katika mfululizo wetu wa makala kuhusu nchi jirani, leo tunavuka mpaka wa Tunduma na kuingia Zambia. Watanzania wengi tunaifahamu nchi hiyo kwa reli ya TAZARA, kwa bomba la mafuta la TAZAMA, na kwa malori yanayopita Mbeya, Iringa na Morogoro yakiwa yamesheheni shaba inayokwenda bandari ya Dar es Salaam. Malori hayo tumeyazoea. Ni wachache wanaojiuliza shaba hiyo imewafanyia nini watu wanaoichimba.

Swali hilo linatuhusu. Kila mara habari za madini, gesi au mafuta zinapotangazwa katika Afrika Mashariki, matumaini hupanda: ajira zitakuja, fedha zitazunguka, maisha yatakuwa bora. Zambia imeishi na matumaini ya namna hiyo kwa takriban miaka mia moja. Imeona bei ya shaba ikipaa, ikaiona ikiporomoka, na ikaiona ikipaa tena. Katika muda wote huo wafanyakazi wake wamejifunza jambo moja ambalo halimo katika taarifa za makampuni, kwamba neema ya madini hupimwa jikoni, kwa bei ya mfuko wa unga na kodi ya chumba. Mshahara ukipanda kwa hatua moja na unga ukapanda kwa hatua mbili, mchimbaji amerudi nyuma hata kama shaba imevunja rekodi.

Kodi ilitangulia, mshahara ukafuata

Zambia ya leo iliitwa Rhodesia ya Kaskazini wakati wa ukoloni. Hadi mwaka 1924 ilitawaliwa na British South Africa Company, kampuni ya Cecil Rhodes, kisha ikawekwa chini ya Serikali ya Uingereza. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ilithibitika kwamba chini ya ardhi ya kaskazini, karibu na mpaka wa Katanga, kulikuwa na shaba nyingi mno. Migodi mikubwa ikafunguliwa Luanshya, Nkana, Mufulira na Nchanga. Jirani na Ndola palikuwa na mgodi wa zamani zaidi ambao jina lake halihitaji tafsiri kwetu: Bwana Mkubwa.

Migodi ilihitaji mikono, na wanakijiji walikuwa na mashamba yao. Njia iliyotumika kuwatoa vijijini ilikuwa kodi. Mwanamume mzima alitakiwa kulipa kodi kwa fedha taslimu kila mwaka, na fedha taslimu zilipatikana kwa mwajiri. Hivyo vijana wakatembea majuma kadhaa kufuata kazi. Hawakutoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland peke yake, kwani walikuwamo pia Watanganyika, hasa Wanyakyusa kutoka milima ya Rungwe. Historia ya Ukanda wa Shaba, kwa hiyo, ni sehemu ya historia yetu pia.

Mdororo wa uchumi wa dunia ulipofika mwanzoni mwa miaka ya 1930, bei ya shaba ilianguka. Baadhi ya migodi ilifungwa na maelfu ya wafanyakazi wakarudishwa vijijini. Waliobaki walipunguziwa ujira. Kibarua aliyeanza kazi za juu ya ardhi alilipwa shilingi 12 na nusu kwa tiketi ya zamu 30. Mwezi Mei 1935, Serikali ilitangaza kwamba kodi katika maeneo ya migodi itapanda kutoka shilingi 12 na nusu hadi shilingi 15, ilhali katika wilaya nyingine ingepunguzwa. Hoja ya watawala ilikuwa kwamba wafanyakazi wa migodini walikuwa na uwezo zaidi. Msomaji na afanye hesabu mwenyewe: kodi ya mwaka sasa ilizidi ujira wa kibarua huyo kwa zamu zake zote 30.

Mgomo ulianza Mufulira, ukaenea Nkana, na tarehe 29 Mei ukafika Luanshya. Huko polisi walifyatua risasi na watu 6 wakapoteza maisha. Tume iliyochunguza tukio hilo ilitaja mchango wa vikundi vya ngoma ya Mbeni katika kusambaza habari za mgomo. Msomaji wa Kiswahili atalitambua jina hilo upesi. Ni ngoma yetu ya beni, iliyozaliwa katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki na kusafiri bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Wafanyakazi hawakuwa na chama kilichoruhusiwa kisheria, lakini walikuwa na ngoma yenye viongozi, vyeo na mawasiliano kutoka mji hadi mji. Mahali pasipo na chama, ngoma ilifanya kazi ya chama.

Nyumba na posho mikononi mwa mwajiri

Ili kuelewa yaliyotokea baadaye, ni lazima tuelewe namna mchimbaji alivyoishi. Nyumba yake ilikuwa ya kampuni. Chakula chake kilikuwa posho iliyogawiwa na kampuni: unga, maharage, nyama kidogo na chumvi. Hospitali ilikuwa ya kampuni, na hata uwanja wa mpira ulikuwa wa kampuni. Mwajiri alidai kwamba ujira wa fedha ni mdogo kwa sababu mahitaji mengine yote amekwisha kuyatoa.

Utaratibu huo ulikuwa na faida moja, kwamba bei ya unga ilipopanda sokoni posho ilibaki palepale. Ila ulikuwa na kasoro kubwa mbili. Kwanza, posho ilikadiriwa kwa mtu mmoja kana kwamba mchimbaji hakuwa na mke, watoto wala ndugu waliomfuata mjini. Wanawake wa kambini waliziba pengo hilo kwa kulima bustani, kuuza mboga na kupika pombe, na bila jasho lao hesabu ya kampuni isingewezekana. Pili, mtu aliyefukuzwa kazi alipoteza mshahara, chakula, paa na tiba kwa siku moja.

Juu ya hayo kulikuwa na ubaguzi wa rangi. Kazi za ufundi zilihifadhiwa kwa Wazungu, ambao walikuwa na chama chao cha wafanyakazi tangu mwaka 1936. Machi 1940 wachimbaji Wazungu waligoma na kupata nyongeza. Wachimbaji Waafrika wa Nkana na Mufulira wakaona, wakapima, nao wakagoma. Vita vilikuwa vimeanza Ulaya, shaba ilihitajika na bei za nguo na bidhaa madukani zilikuwa zikipanda. Walidai shilingi 10 kwa siku. Tarehe 3 Aprili 1940, huko Nkana, askari walifyatulia umati risasi na watu 17 wakafa. Nyongeza iliyotolewa baadaye ilikuwa ndogo mno ikilinganishwa na madai yao.

Mabadiliko ya kweli yalikuja kwa umoja. Mwaka 1949 kiliundwa chama cha wachimbaji Waafrika chini ya Lawrence Katilungu. Mgomo wa mwaka 1952 ulidumu wiki tatu, na ule wa mwaka 1955 ulidumu siku 58. Mishahara ikaongezeka, na katika miaka hiyohiyo ya 1950 posho ikaanza kubadilishwa kuwa fedha. Wachimbaji walilipigania badiliko hilo kwa sababu liliwapa heshima ya kuchagua chakula chao wenyewe. Hata hivyo lilileta jambo jipya: kuanzia hapo bei ya unga sokoni ikawa suala la kila kaya. Ndiyo maana katika miaka hiyo Waafrika wa mijini walisusia maduka ya nyama na maduka mengine yaliyowauzia kwa bei kubwa na kwa dharau, kupitia kidirisha cha nyuma. Kupigania mshahara na kupigania bei vikawa vita kimoja.

Bei ya shaba yenyewe ilikuwa ikicheza. Ilifika kilele mwanzoni mwa mwaka 1956, kisha kufikia mapema 1958 ikawa imeshuka kwa zaidi ya nusu. Wachimbaji Wazungu walikuwa wakipata bakshishi iliyopanda pamoja na shaba. Sehemu kubwa ya kodi ya shaba, wakati wa Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland (1953–1963), ilikwenda Salisbury, ambayo leo ni Harare. Mwafrika wa Kitwe au Chingola aliiona neema hiyo ikipita mbele ya macho yake juu ya mabehewa ya treni.

Uhuru na miaka ya neema

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964. Usiku wa kuamkia siku hiyo, kampuni iliyokuwa ikimiliki haki za mrabaha wa madini ililazimika kuziachia. Kwa mara ya kwanza, fedha za shaba ziliingia katika hazina ya Waafrika wenyewe. Serikali ya Kenneth Kaunda ilijenga shule, hospitali na barabara kwa kasi ya kusifiwa. Chuo Kikuu cha Zambia kilifunguliwa mwaka 1966. Mwishoni mwa miaka ya 1960 nchi ilizalisha zaidi ya tani 700,000 za shaba kwa mwaka, na shaba ilikuwa zaidi ya asilimia 90 ya mauzo yake ya nje.

Wachimbaji nao walidai sehemu yao. Baada ya migomo ya mwaka 1966, tume iliyoongozwa na Brown ilipendekeza nyongeza ya asilimia 22. Ilikuwa haki yao, kwa kuwa walikuwa wamelipwa kwa ubaguzi kwa miaka zaidi ya 30. Lakini nyongeza hiyo haikubaki migodini. Wafanyakazi wa reli, wa Serikali na wa viwandani nao walidai inayofanana nayo. Fedha nyingi zikaingia mitaani wakati ambapo bidhaa hazikuongezeka.

Kwa bahati mbaya, huo ulikuwa pia wakati ambapo bidhaa zilikuwa ngumu kupatikana. Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi huko Rhodesia ya Kusini. Zambia haina bahari, na reli yake ilipitia kwa Smith. Kwa kuunga mkono ukombozi, ililazimika kutafuta njia nyingine kupitia Dar es Salaam. Mafuta yalipelekwa kwa malori kwenye barabara ya udongo mpaka bomba la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968, na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilikabidhiwa mwaka 1976. Kila mfuko wa mbolea, kila kipuri na kila kitambaa kilifika Kitwe kikiwa kimebeba gharama ya safari hiyo ndefu. Zambia ililipia msimamo wake, na mlaji wa kawaida alilipa dukani.

Wakati huohuo vijiji vilikuwa vikipoteza watu. Kijana aliyelima ekari mbili za mahindi Luapula au Kasama alipolinganisha mapato yake na mshahara wa mchimbaji, hakuhitaji kushawishiwa kuondoka. Kufikia mwaka 1980 karibu watu wanne kati ya kila kumi waliishi mijini, kiwango kikubwa sana katika Afrika ya wakati huo. Wote walihitaji unga, na waliobaki kulima walikuwa wachache. Serikali ikachagua njia iliyoonekana rahisi: kulipa sehemu ya bei ya unga kutoka hazina, ili nshima, yaani ugali wao, iwe nafuu mjini. Ruzuku hiyo ilitegemea shaba. Mwaka 1969 Serikali ilitangaza kuchukua asilimia 51 ya hisa za migodi, na mishahara, nyumba, tiba na unga vyote vikawa vimefungwa kwenye kamba moja.

Kamba ilipokatika

Aprili 1974 bei ya shaba duniani ilikuwa juu sana. Kabla mwaka huo haujaisha, ilikuwa imeshuka kwa zaidi ya nusu. Mafuta, ambayo Zambia huyanunua nje, yalikuwa yamepanda mwaka uliotangulia. Kufikia mwaka 1977 hazina haikupata karibu chochote kutoka migodini. Viongozi waliamini kwamba bei ingerudi baada ya muda mfupi, kwa hiyo walikopa ili kuziba pengo. Bei haikurudi kwa namna waliyoitarajia, na madeni yakabaki.

Hapa ndipo unga ulipoingia katika historia ya kisiasa ya Zambia. Mwaka 1985, kwa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, dola zilianza kuuzwa kwa mnada na thamani ya kwacha ikashuka haraka. Desemba 1986 Serikali iliondoa ruzuku ya unga uliokobolewa, na bei yake ikapanda zaidi ya maradufu. Unga wa kawaida, ambao maskini huutumia, ulikusudiwa kubaki na ruzuku yake. Lakini wenye vinu hawakuwa na hakika kama Serikali ingewalipa tofauti hiyo, basi wakapunguza kuusaga. Mama aliyekwenda dukani Kitwe alikuta unga wa bei ghali upo na unga wa bei nafuu haupo. Ghasia zikalipuka katika miji ya Ukanda wa Shaba, watu wasiopungua 15 wakauawa, na Kaunda akarudisha bei ya zamani pamoja na kutaifisha vinu.

Mwanafunzi wa uraia na aliangalie tukio hilo kwa makini. Sera hiyo ilikuwa na kifungu cha kuwalinda maskini, na kifungu hicho kilikuwa cha kweli katika karatasi. Kilishindwa kwa sababu hakuna aliyehakikisha kwamba unga wenyewe utakuwapo rafuni.

Mei 1987 Kaunda aliachana na masharti ya Shirika la Fedha, lakini miaka miwili baadaye alilazimika kuyarudia. Juni 1990 unga ulipandishwa tena zaidi ya maradufu. Ghasia zilianzia Lusaka na kuua watu zaidi ya 20, na siku chache baadaye lilifanyika jaribio la mapinduzi. Mwaka uliofuata, tarehe 31 Oktoba 1991, Kaunda alishindwa katika uchaguzi wa vyama vingi. Aliyemshinda, Frederick Chiluba, alikuwa mwenyekiti wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Na ni Serikali ya kiongozi huyo wa wafanyakazi ndiyo iliyoondoa ruzuku ya unga na kuuza migodi.

Neema ya pili

Migodi iliuzwa kati ya mwaka 1997 na 2000. Shirika la umma lililoimiliki, ZCCM, lilikuwa mwajiri na karibu serikali ya pili. Liliendesha hospitali, shule, maji, usafi, timu za mpira na hata kampeni ya kuua mbu. Wanunuzi wengi walitaka shaba na hawakuutaka mzigo huo. Huduma zikahamishiwa halmashauri ambazo hazikuwa na fedha, au zikaachwa tu.

Nyumba za migodi ziliuzwa kwa waliokuwa wakiishi ndani yake, na wengi wakalipia kwa kiinua mgongo chao. Kwa upande mmoja ilikuwa baraka, kwani mchimbaji aliyepoteza kazi hakupoteza tena paa. Kwa upande mwingine, alibaki na nyumba bila mshahara, na ankara za maji na umeme ambazo kampuni ilikuwa ikizilipa zikaanza kumjia yeye. Familia nyingi zilipangisha vyumba, zikalima mahindi uani, au zikarudi vijijini. Ajira migodini, iliyozidi watu 60,000 katikati ya miaka ya 1970, ilishuka hadi karibu 20,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Kisha bei ikageuka. Uchumi wa China ulihitaji nyaya na mitambo, na tani ya shaba iliyouzwa chini ya dola 2,000 mwaka 2002 ilizidi dola 8,000 mwaka 2008. Migodi mipya ilifunguliwa Kansanshi na Lumwana, na mji wa Solwezi, uliokuwa mdogo na tulivu, ukafurika watu. Lakini mikataba iliyosainiwa wakati wa shida iliweka mrabaha wa asilimia 0.6 tu kwa baadhi ya makampuni. Na wafanyakazi wengi wapya hawakuajiriwa na mgodi wenyewe. Waliajiriwa na wakandarasi, kwa mikataba mifupi na mishahara midogo, bila nyumba wala hospitali. Aprili 2005 kiwanda cha baruti huko Chambishi kililipuka na kuua zaidi ya watu 40, wengi wao vijana wa mikataba ya namna hiyo. Katika uchaguzi wa mwaka 2006 wapiga kura wa Ukanda wa Shaba walionyesha hasira yao kwa kumpa kura nyingi Michael Sata, aliyekuja kuwa Rais mwaka 2011.

Mwaka 2008 Serikali iliongeza mrabaha na kuanzisha kodi ya faida ya ghafla. Mwishoni mwa mwaka huohuo bei ya shaba ikaporomoka hadi takriban dola 3,000, mgodi wa Luanshya ukafungwa, maelfu wakapoteza kazi, na mwaka 2009 kodi hiyo ikafutwa. Bei ilipopanda tena muda mfupi baadaye, kodi ilikuwa imekwisha kuondoka.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa karibu sana. Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Mahindi yalikauka mashambani, mabwawa ya umeme yakapungua maji, na bei ya unga ikapaa. Mei ya mwaka huohuo bei ya shaba duniani ilivunja rekodi, ikazidi dola 10,000 kwa tani. Nchi ileile, mwaka uleule: shaba ghali kuliko wakati wowote, na unga ghali vilevile.

Kwa nini neema hupandisha gharama?

Historia hii ina kanuni chache ambazo raia yeyote anaweza kuzielewa bila kuwa mchumi.

Ya kwanza ni kwamba fedha husafiri haraka kuliko nyumba na mboga. Mgodi unaweza kuajiri watu 2,000 kwa mwaka mmoja, lakini mji hauwezi kujenga vyumba 2,000 kwa mwaka huo. Kwa hiyo kodi hupanda, na anayeumia kwanza ni yule ambaye mshahara wake haukupanda: mwalimu, muuguzi, mlinzi, mama ntilie. Wanaishi katika mji wa neema bila kuwa na tiketi ya neema.

Ya pili ni sarafu. Wauzaji wa madini huleta dola nyingi, na sarafu ya nchi huimarika. Bidhaa za nje huwa rahisi, na mkulima au fundi wa ndani hushindwa kushindana nazo. Wataalamu huliita tatizo hili ugonjwa wa Kiholanzi, jina lililotolewa na jarida la The Economist mwaka 1977 kutokana na yaliyoipata Uholanzi baada ya kugundua gesi huko Groningen mwaka 1959. Bei ya madini ikishuka, sarafu huanguka, bidhaa za nje huwa ghali, na wakulima na mafundi waliokata tamaa hawapo tena kuziba pengo.

Ya tatu ni mikono. Migodi huchukua vijana wenye nguvu kutoka mashambani, wakati uleule mji unapohitaji chakula zaidi.

Ya nne ni hatari. Bei inapopanda, faida hugawanywa kwa wengi, na mwenye hisa hupata fungu kubwa. Bei inaposhuka, mwenye hisa anaweza kuuza na kuondoka. Mchimbaji hawezi kuiuza kazi yake iliyofungwa wala kuuhamisha mji wake. Ndiye anayebaki.

Tunajifunza nini?

Zambia haikukosea kuchimba shaba. Shaba ilisomesha madaktari na walimu wake, na ilisaidia kugharimia harakati za ukombozi ambazo sisi sote tunajivunia. Wala wachimbaji hawakukosea kudai mishahara, maana bila migomo yao mrabaha na bakshishi vingeendelea kuwanufaisha wengine tu. Kilichokosekana kwa muda mrefu ni akiba ya miaka mizuri kwa ajili ya miaka mibaya, na kilimo ambacho hakingehitaji shaba kukibeba. Wahenga walisema akiba haiozi. Mwaka 1974 Zambia ilihitaji ushahidi wa methali hiyo na haikuwa nao.

Kuna pia somo la kutia moyo. Tangu miaka ya 1990, kituo kimoja cha Wajesuti mjini Lusaka kimekuwa kikikokotoa kila mwezi gharama ya mahitaji ya msingi ya familia: unga, mboga, mafuta ya kupikia, mkaa, sabuni, kodi ya nyumba. Matokeo hutangazwa hadharani, na vyama vya wafanyakazi huyatumia katika majadiliano ya mishahara. Kazi hiyo inafuata usemi tunaoufundisha darasani, kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo halihesabu tani za shaba. Linahesabu kile kinachoingia chunguni.

Nasi tuna Geita na Kahama, tuna gesi ya Mtwara, na tuna bomba la mafuta linalotoka Hoima nchini Uganda kuja Tanga. Tutasomewa takwimu za uwekezaji na za ajira, na ni vizuri kuzisikiliza. Baada ya kuzisikiliza, tuulize kama Wazambia walivyojifunza kuuliza: chumba kimoja katika mji huo kitapangishwa kwa kiasi gani mwaka ujao? Unga utatoka wapi? Wangapi wataajiriwa na kampuni yenyewe, na wangapi na wakandarasi? Bei ikianguka, nani atalipa? Maswali hayo hayahitaji shahada, na jibu lake linapaswa kutolewa hadharani kabla mtambo wa kwanza haujawashwa.

Maswali ya kujadili

1. Eleza kwa nini kodi ya mwaka 1935 iliwaumiza zaidi wafanyakazi wa migodini kuliko wakazi wa wilaya nyingine.

2. Posho ilipobadilishwa kuwa fedha, mchimbaji alipata nini na alipoteza nini?

3. Sera ya unga ya Desemba 1986 ilikusudia kuwalinda maskini. Kwa nini ilishindwa, na wewe ungeirekebisha vipi?

4. Orodhesha mahitaji kumi ya msingi ya familia katika eneo lako. Andika bei zake leo, kisha uziandike tena baada ya miezi mitatu. Umegundua nini?